Projekta ipo, TV ipo, ila vimefungiwa kabatini: tulivyotoka hapo shuleni kwetu Tanga (uzi mrefu, vumilieni)

Wadau habari za jumapili. Niko Tanga, nafundisha sekondari ya kata njia ya kwenda Pangani, jina la shule naliacha maana sijaja hapa kumsema mtu. Masomo yangu ni Biolojia na Jiografia. Naandika kwasababu kila nikikutana na walimu wenzangu, iwe Muheza iwe Korogwe, hadithi ni ileile, vifaa vya kufundishia kwa sauti na picha vilishaletwa, vingine na mradi vingine na mbunge vingine na wazazi, afu havitumiki. Na kila mtu anakwambia tatizo ni umeme au intaneti. Mimi kwa miaka minne niliyohangaika na hiki kitu nimeona umeme na intaneti ni matatizo ya kweli ila sio ya kwanza. La kwanza ni woga. Ntaeleza.

Projekta yetu ililetwa kwenye boksi lake ikiwa na nailoni yake, ikaingia kabati la chuma ofisini, ikakaa mwaka na nusu bila kuwashwa. Funguo moja tu, anayo mkuu wa shule. Mkuu akiitwa halmashauri funguo imeenda nae. Siku ukimkuta, unapewa pamoja na ile sentensi ambayo kila mwalimu hapa anaijua: "mwalimu, kikiharibika utalipa." Sasa niambieni mwalimu gani mwenye mkopo benki na watoto watatu atachukua kitu cha milioni na zaidi apite nacho koridoni watoto wanakimbizana? Anaacha. Anachukua chaki yake anaingia darasani. Sio mvivu, amepiga hesabu.

Na kuna woga wa pili ambao watu hawausemi. Mwalimu wa miaka 50 anaeheshimika shule nzima hataki watoto wamuone anageuzageuza waya hajui unaingia wapi, na huku nyuma kuna kijana wa form three anajua kila kitu cha simu. Huo sio ujinga, ni heshima yake anailinda, na darasani heshima ikipotea kuirudisha kazi.

Kwahiyo hatukuanza na kununua kitu. Nilimfuata mkuu, nikamwamkia, nikamwambia mkuu naomba tuandike kitu kidogo kwenye ukurasa mmoja. Kwamba kifaa kikifa chenyewe kikiwa kazini ni cha shule, kikifa kwa uzembe ni cha mwalimu, na uzembe tukautaja ni nini: kukiacha darasani bila mtu, kukiazima nje ya shule, kukimwagia maji. Funguo ya pili akapewa mwalimu wa taaluma. Daftari la kusaini likawekwa juu ya kabati. Mkuu alifikiri siku mbili afu akakubali, na namsifu kwa hilo maana na yeye akija mkaguzi ndio anaulizwa.

Afu tukaweka mazoezi Ijumaa baada ya swala, walimu peke yetu, mlango umefungwa, hakuna mwanafunzi. Kila mtu anaunganisha kwa mkono wake, anakosea, anarudia. Kuna mama mmoja anafundisha Kiswahili, amebakiza miaka michache astaafu, Ijumaa ya kwanza alikaa tu anaangalia, ya pili akasema leteni na mimi nijaribu. Leo ndio anaongoza kwenye lile daftari la kusaini. Narudia tena, hakuna kilichotusaidia zaidi ya zile Ijumaa.

Nakula kwanza, ntaendelea.

---

Tuendelee. Sasa nizungumzie SAUTI maana hapa ndio watu wengi wanapoteza na hawajui.

Mara yangu ya kwanza nilikua na form two, mada ni usafirishaji wa damu, watoto 74 darasani. Video nzuri ya moyo nimeihangaikia wiki nzima. Nimeunganisha, picha ikatoka, watoto wakashangilia kabisa, afu sauti kimya. Nikagusa hiki nikagusa kile, dakika zinaenda. Kumbe nilitumia waya wa VGA, ule wenye pini nyingi na skrubu mbili pembeni, na ule haupitishi sauti, ni picha tu. Wa HDMI ndio unapitisha vyote. Nlikua sijui. Nikachomeka spika ndogo kwenye laptopu kwenye tundu la hedifoni, ikalia, na hapo nikakutana na tatizo kubwa zaidi: sauti ipo ila haisikiki. Yani inasikika kama mtu anaongea ndani ya pipa.

Madarasa yetu mnayajua. Sakafu ya simenti, kuta tupu, juu bati bila dari. Sauti inapiga ukutani inarudi, inapiga bati inarudi, maneno yanapandana. Mwalimu akiona watoto hawasikii anaongeza sauti, na ukiongeza sauti na mwangwi unaongezeka, kwahiyo unazidi kuharibu. Tulichofanya sisi ni kuishusha spika kutoka kule mbele juu ya meza ya mwalimu na kuileta KATIKATI ya darasa, kwenye kiti, usawa wa vichwa vya watoto waliokaa. Ukutani nyuma tukaning'iniza mikeka mitatu ya ukili ya zamani ambayo wazazi walitupatia, na watoto tukawasogeza karibu wakabanana. Basi. Spika ileile ndogo, sauti ya chini kuliko mwanzo, na mtoto wa mwisho kabisa anasikia neno kwa neno. Sasa hivi kabla sijaanza namuuliza yule aliyekaa kona ya mbali, "umesikia nini?" anitajie neno la mwisho. Akishindwa sianzi.

Na wale ambao wana shida ya kusikia, kila darasa yupo mmoja au wawili hata kama hawajapimwa, hao wanakaa pale pale penye spika, sio mbele. Zamani tulikua tunawaweka mbele karibu na ubao wakati sauti iko kwingine.

Mvua ikinyesha juu ya bati achana na sauti kabisa. Miezi ya masika mimi napanga video za kimya tu.

---

Kuna mdau kauliza hapo, video za kimya ndio nini, na zinafundishaje.

Mkuu hili swali zuri na ndio kiini cha kufundisha kwa video kwa mtazamo wangu. Video nyingi za YouTube za sayansi zinaongewa Kiingereza cha Marekani au cha India, mbio mbio, na mtoto wetu wa form two bado anapigana na Kiingereza cha kitabu. Nilikua namwachia video inaongea dakika kumi na mbili, mwisho nauliza swali, kimya. Walifurahia picha, hawakushika kitu. Nikajaribu kuzima sauti kabisa na kuongea mwenyewe. Nachagua kipande cha dakika tatu tu, ule moyo unavyofunga na kufungua. Kabla sijawasha naandika ubaoni swali MOJA: damu ikishasukumwa juu, kitu gani kinaizuia isirudi chini? Nawasha. Sekunde ya arobaini nasimamisha, vali imefunga, nawaambia chora unachokiona. Wanachora. Nawasha tena, vali inafungua, nasimamisha, chora. Narudia kipande kilekile mara tatu. Mara ya tatu kuna binti akanyanyua mkono akasema "mwalimu ile ni kama mlango wa banda la kuku wetu, unasukumwa kwa nje tu." Sijawahi kupata jibu kama lile kwa chaki miaka yote.

Sasa hapo mashine imefanya kazi gani? Imeonyesha kitu ambacho siwezi kukichora kikitembea. Basi hiyo ndio kazi yake. Maelezo ni yangu, maswali ni yangu. Mwalimu anaewasha video ya nusu saa afu anakwenda kusahihisha madaftari, samahani, huyo hajafundisha.

Na hili sio jambo jipya nchini kwetu. Mwaka 1973 kulikua na kampeni ya Mtu ni Afya kupitia Redio Tanzania, wiki kumi na mbili, watu wazima kama milioni mbili walishiriki. Baba yangu mdogo alikua kiongozi wa kikundi kule Muheza na alikua akinisimulia sana. Hawakuachiwa redio peke yake. Walikua wanakaa kikundi, kuna kiongozi aliyepewa mafunzo, kuna kijitabu, wanasikiliza kipindi, wakimaliza redio inazimwa wanajadili, afu wanaamua watafanya nini, ndio vikachimbwa vyoo na kufyekwa majani na kufukiwa madimbwi. Redio moja ya betri kwa watu wengi na ikafanya kazi kwasababu kabla na baada ya redio kulikua na mtu na mazungumzo. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya corona masomo yakarushwa redioni na kwenye TV, na mimi nlikua na wanafunzi wanasikiliza kabisa, ila waliorudi na kitu kichwani ni wale ambao nyumbani kulikua na kaka au dada wa kuwauliza baada ya kipindi. Nililiona kwa macho yangu walipofungua mwisho wa Juni.

---

Jumatatu. Nimerudi, naona maswali yamekua mengi, nayajibu kwa mkupuo.

Mwanga. Darasa letu madirisha yanaangalia baharini upande wa mashariki, saa tatu asubuhi projekta hata huioni. Wengine wanataka kununua projekta yenye nguvu zaidi, na humo ndimo wanamopigwa, maana kuna vile viprojekta vidogo vya bei rahisi vimeandikwa lumeni (kipimo cha mwanga) maelfu kwenye boksi na ukiwasha havifikii hata robo. Sisi kwanza tuliisogeza projekta karibu na ukuta. Picha ikawa ndogo ila kali, na picha ndogo inayoonekana inafaa kuliko kubwa iliyopauka. Pili tukafunika madirisha mawili tu ya mbele, sio yote, kwa nailoni nyeusi ile ya kitalu. Ukifunika yote kwa joto la Tanga watoto wanasinzia, hilo nalijua. Tatu vipindi vya video tukavihamishia mchana jua likishavuka upande wa pili. Ukuta wenyewe tumepaka chokaa nyeupe. Kwa hela mpya ningeshauri TV ya inchi 43 kuliko projekta, inaonekana mchana, inakula umeme kidogo, na ina spika zake. Watoto wakiwa wengi waingie kwa makundi mawili.

Umeme. Aliyeuliza yupo Kilindi shule haina umeme kabisa. Mkuu, betri moja ya sola ya Ah 100 (amp-saa, yani ukubwa wa betri) ya volti 12 ina wati-saa 1200, ila zile za maji ya asidi usishushe chini ya nusu, itakufa mapema, kwahiyo hesabu una 600. Projekta ya taa ya kawaida inakula wati 250 hadi 300, kama saa mbili tu hizo 600 zimekwisha. TV ya LED ya inchi 32 inakula kama wati 50, ukichomeka flashi moja kwa moja bila laptopu unafundisha siku nzima na chaji inabaki. Kwahiyo kwenye shule ya sola projekta ya taa ni adui, wapelekeeni ujumbe huo wafadhili kabla hawajanunua. Na kwa wenye umeme wa gridi, nunueni kile kifaa cha kulinda TV na friji, umeme ukirudi kwa kishindo ndio unaua vitu. Projekta ya taa usiichomoe feni ikiwa bado inazunguka, iache ipoe yenyewe, sisi tuliua taa moja kwa haraka ya kengele.

Intaneti. Huihitaji darasani. Narudia, HUIHITAJI darasani. Unapakua nyumbani usiku kwenye bando la usiku, unaweka kwenye flashi, unakuja nayo. Ukitegemea mtandao ukiwa mbele ya watoto itazunguka pale mpaka kengele. Kuna programu kama Kolibri (ya masomo) na Kiwix zinakaa kwenye laptopu bila intaneti, na Kiwix inakupa Wikipedia nzima ya Kiswahili. Vishikwambi vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu vinafaa sana kwa kupakulia na kuangalia kwanza, unaangalia mwenyewe mwanzo mpaka mwisho kabla watoto hawajaona, maana matangazo mengine hayafai.

TV inasema faili haisomeki. Hapo mara nyingi ni vitu viwili. Video imebanwa kwa mtindo mpya unaoitwa H.265 na TV ni ya zamani, inataka MP4 ya mtindo wa zamani, H.264, ibadilishe kwa programu ya HandBrake, ni bure. Au flashi imeformatiwa mfumo ambao TV haiujui, iformati FAT32, ila kumbuka FAT32 haibebi faili moja la zaidi ya GB 4. Jaribu kwenye TV ileile utakayofundishia, sio ya nyumbani kwako.

Muda. Kipindi ni dakika 40, ukitumia 15 kuunganisha umebaki na nini. Tumetengeneza sanduku, la mbao, fundi wa mtaani Ngamiani kalichonga. Ndani kuna projekta, laptopu, waya wa HDMI umefungwa tayari kwenye projekta hauchomolewi, spika, waya wa kuongezea umeme wa mita kumi, na kitambaa. Wanafunzi wawili kila darasa tumewafundisha kuliunganisha, mwalimu akiingia anakuta picha ipo ukutani. Dakika nne. Na wale wawili ndio wameshika nidhamu ya vifaa kuliko mtu mwingine yeyote, kabla ya hapo watoto tulikua tunawafukuza wasisogee.

Chumvi. Hili ni letu watu wa pwani. Upepo wa bahari unakula pini za waya, unakuta kijani kijani. Usiache vifaa wazi dirishani, funga kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, na uviwashe angalau mara moja kwa wiki hata likizo, ule moto wa ndani unakausha unyevu. Kifaa kinachofungiwa hapa kwetu ndio kinakufa haraka. Ile projekta yetu ya mwaka na nusu kabatini ilitoka na madoa kwenye lenzi ambayo hayajatoka mpaka leo.

---

Mdau wa mwisho kasema "yote haya bado yanataka hela, sisi hatuna hata TV." Nimelisoma hili mara mbili, naliheshimu, na nataka nilijibu vizuri.

Una simu? Basi una kinasa sauti. Mwaka jana nafundisha hali ya hewa, pepo za msimu, kitabu kinasema monsuni, watoto wanakariri. Nikaenda Deep Sea, kule kwa wavuvi hapa Tanga, asubuhi boti zinaporudi, nikamkuta nahodha mmoja mtu mzima sana. Nikamwamkia shikamoo mzee, nikamweleza mimi mwalimu, naomba uwaeleze wanafunzi wangu kaskazi na kusi. Akasema "mwanangu, kaa hapa." Akaongea dakika tisa. Kaskazi inavyoingia mwishoni mwa mwaka, bahari inatulia mpaka karibu Machi, ndio majahazi ya Arabuni yalikua yanashuka, afu kusi inaingia na masika, bahari inachafuka, majahazi yanapata upepo wa kurudi kwao. Simu nilikua nimeivalisha soksi mbili kuzuia upepo, na nimeishika karibu na kidevu chake, sio mbele ya mdomo. Nyumbani nikalipunguza faili, kwa sauti ya kuongea tu ubora wa 64 kbps (kilobiti kwa sekunde) unatosha, dakika kumi hazifiki hata MB 5, unaituma WhatsApp kwa bando la mia tano.

Darasani spika ya bluetooth ya kuazima kwa jirani, kwenye kiti katikati. Swali ubaoni: kwanini jahazi halikuweza kuja na kurudi mwezi mmoja? Nikawasha. Watoto 70 hawakusogea. Wengine baba zao wavuvi, wanayajua haya maneno, hawakujua kama ni Jiografia. Nikasimamisha mara tatu, wakachora mishale kwenye ramani ya Bahari ya Hindi, wa kaskazi rangi moja wa kusi rangi nyingine.

Wiki mbili baadae nikamwalika mzee mwenyewe aje asikie. Alikuja na kanzu yake, akakaa benchi la nyuma na watoto, akasikiliza sauti yake mpaka mwisho kainamisha kichwa. Ilipoisha akanyanyua mkono kama mwanafunzi. "Mwalimu, hapo nimesahau maleleji. Katikati ya kusi na kaskazi kuna maleleji, upepo hauna mwenyewe. Nimewakosesha watoto. Washa hicho chombo chako nirudie."

Nikawasha. Sasa hivi faili lipo mbili, la kwanza na la kurudia, na nawawekea watoto yote mawili kwa mpangilio huo huo. Anaelihitaji kwa darasa lake aje PM, mzee ameshanipa ruhusa.